Lango Lililokosa Kasri Lake

Ukifika Layer Marney, karibu na mji wa Colchester katika jimbo la Essex, Uingereza, kinachokupokea ni lango la matofali mekundu lenye kimo cha mita 24 hivi. Minara yake ya mbele ina safu nane za madirisha, moja juu ya nyingine. Mgeni hudhani nyuma yake kuna kasri kubwa zaidi, lakini hakuna: yapo majengo machache ya kando tu, na ua uliokusudiwa haukukamilika.

Lilijengwa na Henry Marney, aliyekuwa mkuu wa walinzi wa Mfalme Henry VIII. Kazi ilianza mnamo 1520, siku zilezile Kadinali Wolsey, waziri mkuu wa mfalme huyo, alipokuwa akijijengea kasri la Hampton Court. Marney alipewa ubaroni Aprili 1523, akafariki Mei. Mwanawe John naye akafariki 1525 bila kuacha mtoto wa kiume, na ujenzi ukakoma. Kukatizwa huko ndiko kunakotufunza sisi tunaochunguza majengo ya kale, maana kumetuachia wazi kile ambacho tajiri wa enzi ya Tudor, yaani ukoo wa Henry VIII, alitaka kionekane kwanza.

Yatazame madirisha. Lango la ngome halisi lilikuwa na matundu membamba ya kurushia mishale. Haya ni mapana na yanatazama nje, upande ambao adui angetokea. Anayetarajia kuzingirwa hajengi hivyo. Ukoo wa Tudor ulitwaa ufalme mwaka 1485, na kadiri utawala wao ulivyoimarika, minara iligeuka kuwa vazi la heshima. Huko juu kabisa, mahali ambapo askari wangejificha nyuma ya meno ya ukuta, mafundi wameweka pomboo na kombe za terakota (udongo uliochomwa) kwa mtindo wa Italia. Kwangu mimi hilo ndilo pambo zuri kuliko yote hapo.

Essex haina mawe mengi mazuri ya kujengea, ila udongo wa kufinyangia upo tele. Tofali lililoungua kupita kiasi tanuruni huwa jeusi upande mmoja. Mafundi wa Tudor hawakuyatupa. Waliyapanga ukutani yakachora maumbo ya almasi katikati ya wekundu. Tao la enzi hiyo nalo hujitambulisha: hupinda ghafla mabegani, kisha hupanda taratibu, karibu linyooke, hadi kwenye ncha butu.

Bunge la Uingereza lilipoungua mwaka 1834, wasanifu walioshindania jengo jipya waliagizwa kufuata mtindo wa Kigothiki, wa matao yenye ncha, au wa enzi ya Elizabeth I, malkia wa mwisho wa ukoo wa Tudor. Katika karne hiyo wenye mashamba makubwa nao walijenga malango ya kuiga Tudor, na nyumba ya bawabu ikasimama peke yake kando ya njia. Ukitaka kutofautisha, gusa tofali. La Tudor ni jembamba, halilingani na mwenzake, na chokaa kati yao ni nene. La mashine lina kingo kali.

Tetemeko la Aprili 1884 liliharibu Layer Marney, na wamiliki waliofuata wakaikarabati. Ukizuru, ingia pia kanisa lililo jirani. Kaburi la Henry Marney limo humo, nalo limejengwa kwa terakota kama ya langoni kwake.