Swali la mbunge likishaingia wizarani

Mbunge mmoja, kwa siku moja, anaweza kuiuliza kwa maandishi Wizara ya Afya kuhusu pampu za insulini kwa watoto, Wizara ya Ulinzi kuhusu nyumba za familia za wanajeshi, Wizara ya Uchukuzi kuhusu madaraja ya reli, na Wizara ya Mazingira kuhusu majitaka yanayomwagwa mitoni. Hasimami ukumbini, hakuna anayegonga meza, na kamera hazipo. Baada ya siku kadhaa majibu hutoka, mengi yakiwa na mistari minne au mitano, na wananchi wengi hawajui hata kwamba yapo.

Kazi yangu ni kuwasaidia wabunge kuandika maswali ya namna hii na kuyasoma majibu yake. Nikiulizwa nimejifunza nini miaka yote hii, nasema jambo moja: jibu bovu mara nyingi limezaliwa na swali bovu. Wizara haihitaji kusema uongo ili isikuambie kitu. Inahitaji tu upenyo, na upenyo huo kwa kawaida muulizaji mwenyewe ndiye aliyeuacha.

Utaratibu wenyewe ni wa zamani. Swali la kwanza la bunge lililoingia kwenye kumbukumbu liliulizwa katika Baraza la Malodi, bunge la juu la Uingereza, mwaka 1721. Hisa za Kampuni ya South Sea, kampuni ya biashara ya huko, zilikuwa zimeporomoka na kuwaachia watu hasara kubwa, na mtunza fedha wa kampuni hiyo, Robert Knight, alikuwa ametoroka nchi. Earl Cowper, mjumbe wa baraza hilo, akataka serikali iseme kama ni kweli Knight amekamatwa Brussels. Tazama umbo la swali lile: mtu mmoja, mji mmoja, jambo moja la kukubali au kukanusha. Zaidi ya miaka 300 imepita na bado natamani kila mbunge angeuliza hivyo.

Swali la mdomo lina utamu wake, sikatai. Mbunge huongeza swali la nyongeza papo hapo, na waziri ambaye hakujiandaa hujulikana. Lakini muda ni mfupi na kila mtu anatafuta makofi. Swali la maandishi linaweza kuomba majedwali ya miaka mitano, mkoa kwa mkoa, ambayo hakuna waziri angeweza kuyasoma ukumbini, na jibu lake hubaki kwenye kumbukumbu rasmi za bunge chini ya jina la waziri. Lok Sabha, bunge la chini la India, hutenganisha aina hizi mbili kwa alama ya nyota: maswali yenye nyota hujibiwa kwa mdomo na hayazidi 20 kwa siku, yasiyo na nyota hujibiwa kwa maandishi, nayo hufika 230.

Kila bunge lina kanuni zake za idadi na muda, na kanuni hizo hubadili tabia ya waulizaji. Mbunge wa Ufaransa ana maswali 52 kwa mwaka, yaani moja kwa wiki, na serikali ina miezi miwili ya kujibu. Wa Ujerumani ana manne kwa mwezi, lakini hujibiwa ndani ya wiki. Kanada inaruhusu maswali manne kwa wakati mmoja kwenye orodha, na mbunge anaweza kudai jibu ndani ya siku 45. Katika bunge la chini la Uingereza maswali ya kawaida hayana kikomo. Yanayotaja siku ya kujibiwa ndiyo yamewekewa ukomo wa matano kwa siku. Ndiyo maana huko utakuta mbunge amemwaga maswali kumi kwa wizara sita kabla ya chakula cha mchana. Mengine ni ya maana sana. Mengine, tuseme ukweli, yameandikwa ili jina lionekane kwenye takwimu za utendaji.

Sasa tushuke kwenye swali lenyewe. Chukua mfano huu. Mpigakura amemwandikia mbunge kwamba darasa la mwanawe lina dari la zamani lenye asbestosi (madini ya nyuzi yaliyotumika zamani katika ujenzi) na kipande kimemeguka. Mbunge amekasirika, anaandika: “Je, Waziri wa Elimu anachukua hatua gani kuhakikisha majengo ya shule ni salama?” Jibu lake naweza kukuandikia hata kabla halijafika. Usalama wa wanafunzi na walimu ni kipaumbele cha serikali, mwongozo umeshatolewa, fedha zimetengwa. Kila neno ni kweli, na hujapata kitu.

Tukikaa tukalichonga, linakuwa hivi: “Ni majengo mangapi ya shule za umma yaliyokaguliwa asbestosi kati ya tarehe 1 Januari na 31 Desemba mwaka jana, katika mangapi ilikutwa imeharibika, na katika mangapi kati ya hayo imeondolewa?” Kukaguliwa ni tendo: ama lilifanyika ama halikufanyika. Tarehe mbili zimefunga uzio pande zote. Neno “imeharibika” limewekwa kwa makusudi, kwa sababu asbestosi iliyotulia bila kuguswa si sawa na iliyomeguka. Nyuzi zake zinapopeperuka na kuvutwa na pumzi ndizo zinazoleta saratani, mara nyingi baada ya miongo kadhaa. Bila neno hilo wizara ingehesabu kila jengo lenye asbestosi, namba ingekuwa kubwa ya kutisha, na waziri angekuwa na haki ya kusema haina maana.

Kwenye fedha ndiko wengi wanakoanguka. Kutenga, kuidhinisha, kutoa na kutumia ni vitenzi vinne tofauti, na kati ya kimoja na kingine fedha zinaweza kukaa miaka. Mbunge akiuliza “serikali imeweka fedha kiasi gani” kwenye ukarabati, atajibiwa kwa kitenzi chenye namba kubwa kuliko vyote, yaani kutenga. Nimeona taarifa kwa vyombo vya habari ikisifu mabilioni yaliyotengwa, wakati swali lililofuata, lililouliza kiasi kilichotumika hadi mwisho wa mwaka wa fedha, lilionyesha sehemu ndogo tu. Wizara haikudanganya hata mara moja. Iliulizwa maswali mawili tofauti.

Kuna maneno nisiyoyapenda kabisa. “Hivi karibuni” ni mojawapo. Karibuni ya nani? “Maeneo yaliyoathirika” ni jingine, kwa sababu anayeamua lipi limeathirika ni anayejibu. Na usiulize waziri ana maoni gani. Ofisi za mabunge mengi hukataa swali linaloomba maoni, linalojenga hoja, linalogusa kesi iliyo mahakamani au lililo nje ya mamlaka ya waziri huyo. Hilo la mwisho lina mtego wake: swali likipelekwa wizara isiyohusika huhamishwa, na siku kadhaa zimepotea.

Ndani ya wizara safari ni ndefu kuliko jibu. Swali hupokelewa na kitengo kinachoshughulikia mambo ya bunge, likapelekwa kwa ofisa wa sera anayelijua suala. Huyo huandaa rasimu, akatafuta takwimu, na mara nyingi huambatanisha maelezo ya ndani kwa waziri: mbunge huyu ni nani, anaelekea wapi, kwa nini tumejibu hivi. Mkurugenzi huikata rasimu, pengine mwanasheria naye huitazama, mwisho waziri huidhinisha. Kila mkono unaopitia huwa unafuta kitu. Nimewasikia maofisa wakilalamika kwamba wanayoyaandika ni mazuri kuliko yanayotoka, nami nawaamini.

Kutokana na mikono hiyo huzaliwa majibu ya kawaida ambayo msomaji anapaswa kuyajua kama anavyowajua majirani zake. La kwanza ni kwamba taarifa hiyo ingepatikana kwa gharama isiyolingana na faida yake. Serikali ya Uingereza imeweka kiwango: ikiwa kujibu kutazidi pauni 850, wizara inaweza kukataa. Dawa yake si hasira, ni kupunguza. Omba mwaka mmoja badala ya kumi, au uliza taarifa hiyo imehifadhiwa katika umbo gani, kisha uliombe umbo hilo.

La pili ni “suala hili linaangaliwa”. India wamelitafutia dawa ninayoipenda. Lok Sabha ina Kamati ya Ahadi za Serikali, ambayo kazi yake ni kupitia majibu ya mawaziri na kuokota kila kauli yenye sura ya ahadi, hata hiyo ya “linaangaliwa”. Serikali hupewa miezi mitatu kuitekeleza au kueleza kwa nini imeshindwa. Wazo ni jepesi mno, nashangaa si mabunge yote yaliyoliiga.

La tatu ndilo humvunja moyo mbunge na kunifurahisha mimi: “Wizara haikusanyi takwimu hizi.” Rudi kwenye asbestosi. Wizara inajibu kwamba ukaguzi ni wajibu wa wasimamizi wa majengo na hakuna hesabu ya taifa zima. Mbunge anataka kuikunja karatasi. Ngoja kwanza. Waziri ameandika kwa jina lake kwamba serikali haijui ni watoto wangapi wanakaa chini ya dari lililomeguka. Hilo ni jibu zito kuliko namba yoyote. Swali linalofuata linajiandika lenyewe: ni lini wizara iliwauliza wasimamizi hao mara ya mwisho, na wangapi walijibu?

Mtu anaweza kusema hivi ni vita vya maneno tu. Walioishi Uingereza miaka ya tisini hawatasema hivyo. Mwaka 1985 serikali ililitangazia bunge miongozo ya kuzuia uuzaji wa zana za kijeshi kwa Iran na Iraq, zilizokuwa vitani. Vita viliposimama mwaka 1988, mawaziri wadogo walikubaliana kimyakimya kuilegeza kwa upande wa Iraq. Wabunge wakauliza. Wakajibiwa kwamba sera ni ile ile. Kisha wakurugenzi wa kampuni ya Matrix Churchill wakashtakiwa kwa kuuza Iraq mashine zinazoweza kutengeneza silaha, na kesi ikaporomoka Novemba 1992 ilipobainika kwamba serikali ilijua. Jaji Richard Scott alichunguza, na ripoti yake ya Februari 1996 ilipitia majibu ya bungeni moja baada ya jingine na kuonyesha jinsi yalivyopotosha. Mwaka uliofuata bunge likapitisha azimio kwamba mawaziri lazima walipatie bunge taarifa sahihi na za kweli, na warekebishe kosa mapema iwezekanavyo. Wengi wanaikumbuka kesi ile kama kashfa ya silaha. Mimi naikumbuka kama kashfa ya rasimu za majibu.

Muulizaji naye si malaika. Mwaka 1994 magazeti ya Uingereza yalifichua wabunge waliokuwa tayari kuuliza maswali kwa malipo, na kamati ya maadili ikaundwa mwaka huo huo. Desemba 2005 bunge la India liliwafukuza wabunge 11 walionaswa na kamera za siri kwa kosa la aina hiyo. Ukiona mbunge ana hamu ya ghafla na kanuni za leseni za biashara fulani, angalia pia daftari la masilahi yake, yaani orodha ya biashara na malipo anayopaswa kuyatangaza.

Kinachonivutia zaidi katika rundo la maswali ya mbunge mmoja kwa wizara mbalimbali ni pale anapouliza swali lile lile kila mahali. Ni kompyuta ngapi za mkononi zilizopotea mwaka huu? Kiasi gani kimelipwa kwa washauri wa nje? Wizara huwasiliana kabla ya kujibu ili zisipishane, lakini hazifanikiwi sikuzote. Moja inatoa jedwali safi, ya pili inasema gharama ni kubwa mno, ya tatu inasema haina kumbukumbu. Swali lilikuwa moja. Iliyotoa jedwali imewaumbua wenzake bila kukusudia.

Mwananchi anaingiaje hapa? Anaingia kwa barua fupi. Tafuta kwanza kwenye tovuti ya bunge kama swali lako limeshajibiwa. Mara nyingi lipo, na ulichokosa ni ufuatiliaji. Mwandikie mbunge wako jambo moja tu, pamoja na tarehe, mahali na ulichokwisha kuambiwa na wizara. Kama ni shida yako binafsi, hati iliyochelewa au pensheni iliyokwama, muombe amwandikie waziri barua, kwa sababu jibu la bungeni huchapishwa na kila mtu atalisoma. Na kama unataka nyaraka zenyewe, sheria ya haki ya kupata taarifa ndiyo njia yako, kwa kuwa swali la bunge humlazimu waziri kusema jambo, lakini halimlazimu kufungua kabati.

Jibu likifika, tafuta tarehe ndani yake. Waziri akiandika kwamba tathmini itakamilika kabla ya mwisho wa mwaka, iweke kwenye kalenda yako na mkumbushe mbunge. Wiki ya kwanza bunge litakaporejea, swali jipya litaanza na maneno “Kwa kurejea jibu la tarehe…”, na ofisa aliyeandika rasimu ya kwanza atajua kwamba kuna mtu anasoma.