Je, Kunyamaza Pekee Ni Kosa la Jinai Nchini Marekani?

Kwa muda mrefu wengi wamesadiki kwamba, chini ya sheria ya shirikisho ya Marekani, mtu anayejua kwamba kosa kubwa la jinai limetendwa kisha akanyamaza, naye tayari ni mhalifu. Sivyo. Sheria hiyo, ambayo asili yake ni mwaka 1790, humtaka mwendesha mashtaka athibitishe kwamba kosa lilitendwa kweli, kwamba mshtakiwa alilijua, kwamba hakuziarifu mamlaka, na, jambo linalosahauliwa mno, kwamba alichukua hatua ya kulificha, kwa mfano kuharibu ushahidi au kuwadanganya wapelelezi. Adhabu yake haizidi kifungo cha miaka 3. Inasikitisha kwamba hofu hii huwaelemea hasa ndugu na majirani wa wahalifu, ambao hujiona wana hatia ilhali hawakuficha chochote.

Nchini Uingereza, mahakama ya juu ilishikilia mwaka 1961 kwamba kunyamaza kwenyewe kwaweza kuwa kosa, lakini sheria ya mwaka 1967 ililiondoa, ikaweka mahali pake kosa la kupokea malipo ili mtu asitoe taarifa.

Wajibu wa walimu na madaktari wa Marekani kuripoti mtoto anayedhulumiwa ni suala jingine, kwani hutokana na sheria mahususi za majimbo.