Ardhi ya daiorama kwa trei za mayai: kazi yote iko kwenye kukamua

Watu wananitumia picha za daiorama zao, yaani mandhari ndogo za kuonyesha magari ya modeli, gari limepigwa rangi safi kabisa, kutu iko pale inapotakiwa, halafu unashuka chini kwenye ardhi unakuta nyufa kila mahali au kibao kimejipinda kona moja haigusi meza. Karibu wote wanauliza waongeze gundi kiasi gani. Jamani, gundi haina kosa, ni maji hayo. Rojo la karatasi tunalofanyia ardhi likikauka linanywea, zile nyuzi zinavutana kadri maji yanavyotoka, kwa hiyo maji mengi unayoyaacha ndani leo ndiyo yatakayovuta kibao keshokutwa.

Wenzetu Marekani na Ulaya wananunua unga wa karatasi uliokwisha tengenezwa, Celluclay ndiyo jina linalotajwa sana, unamwagia maji tu unaanza kazi. Mimi natumia trei za mayai, zile za karatasi za kijivu, na wala siyo kwa ajili ya kubana hela tu. Trei yenyewe ni rojo la karatasi kuukuu lililofinyangwa likakaushwa, ukiirudisha kwenye maji ya moto inaachia bila ugomvi. Toilet pepa nayo inafaa ukitaka ardhi laini sana maana imetengenezwa isambaratike ikilowa. Tishu za jikoni achana nazo, zimewekewa dawa zisichanike zikilowa, blenda itahangaika bure. Na magazeti yale ya kung'aa yana unga mweupe mwingi wa udongo au chokaa juu ya karatasi, unaishia na tope la kijivu lenye nyuzi chache.

Chanachana, loweka usiku mzima, asubuhi saga na maji mengi kwa vipindi vifupi ili mota isiungue. Saga kuliko unavyodhani inatosha. Kwenye skeli ya 1/35, yaani kila kitu ni kidogo mara 35 kuliko halisi, kibonge cha milimita 3 ni jiwe la sentimita 10 na ushee barabarani, sasa vibonge vyako vikiwa vingi hiyo siyo barabara tena ni kokoto za machimbo.

Sasa kukamua. Chukua kipande cha kanga kuukuu au kitambaa cha kuchujia tui, mimina, sokota, kamua, pumzika kidogo, sokota tena. Halafu chukua donge ulibane kwenye ngumi kwa nguvu, likitoa hata tone moja rudisha kwenye kitambaa. Likiwa tayari ukilivunja katikati halikatiki kwa usafi, linachanika na kuacha vinyweleo pembeni. Hapo ndiyo unaweza kuwaza gundi.

Vipimo vyangu ni vikombe 3 vya rojo lililokamuliwa na kulegezwa kwa vidole, nusu kikombe cha gundi nyeupe ya seremala, na kikombe 1 cha unga wa jipsam, huo huo wa mafundi dari. Jipsam inapunguza kunywea ila inashika haraka, kwa hiyo inaingia mwisho kabisa. Maji usiongeze, ukiona kavu ongeza gundi kidogo, unataka likae kama ugali wa dona. Rangi nayo itie humu humu ndani, usisubiri kupaka juu, maana ikibanduka kidogo tu panatokea kidonda cheupe. Kwa barabara ya moramu natumia ule unga mwekundu wa kuchanganya na saruji ya sakafu, ambao rangi yake ni oksaidi ya chuma, kitu kile kile kinachoufanya udongo wetu uwe mwekundu. Kausha kipande pembeni kwanza uone, likiwa bichi linadanganya, linakuwa jeusi zaidi.

Kwa sisi wa pwani kuna ukungu. Matone machache ya mafuta ya karafuu yanasaidia sana, na chumba kinanukia. Chumvi usiweke, inavuta unyevu wa hewani, kazi haikauki vizuri.

Kibao kiwe plaiwudi nene, kipige vanishi juu na chini pia, maana upande mmoja ukinywa maji na mwingine usinywe lazima kipinde. Vilima jenga kwa stairofomu jeupe la kwenye boksi la TV, likwaruze lishike, ligandishe kwa gundi nyeupe, maana rangi ya kupuliza na gundi kali zinaliyeyusha. Rojo lenyewe ni milimita 3 mpaka 5 tu juu yake. Ukitaka nene zaidi acha ya kwanza ikauke kwanza.

Alama za matairi ndiyo sehemu ninayoipenda. Chukua Land Rover 109, lile la chasi ndefu: kutoka katikati ya tairi la mbele hadi la nyuma ni sentimita 277, kwenye 1/35 ni milimita 79, na kati ya tairi la kushoto na la kulia ni kama mita 1.3, yaani milimita 37. Lowesha tairi la akiba la modeli, libingirishe, usiliburute, ukiburuta nyuzi zinasimama. Halafu kwa brashi yenye maji kidogo sukuma tope linyanyuke pembeni ya mfereji, gari zito haliachi mfereji wenye kingo bapa. Na kitu ambacho wengi hawakitazami: mifereji ya barabara zetu imechimbwa na malori ya Fuso, imeachana kuliko matairi ya Land Rover, kwa hiyo Land Rover linatembea upande mmoja ndani ya mfereji mwingine juu, limeinama. Liinamishe hivyo hivyo, mtu akiangalia anaamini kabla hajajua kwa nini.

Kukausha ni kivulini na feni, kona zikandamizwe na mawe. Jua kali linakausha ngozi ya juu wakati chini bado kubichi na nyufa zinaanzia hapo. Kujua kama limekauka weka nyuma ya mkono, pakiwa pa baridi kuliko meza maji bado yanatoka, au pima kwenye mizani ya jikoni mpaka uzito uache kushuka. Usimwage vanishi ya kuigiza maji ya madimbwi kabla ya hapo, unyevu ukifungiwa chini yake dimbwi linakuwa na ukungu mweupe ndani.

Rojo linalobaki kabla ya kutia gundi lifanye vidonge, anika juani mpaka vigonge kama mawe, weka kwenye kopo, siku ya kazi unaloweka tena. Likishaingia gundi na jipsam halihifadhiki, changanya la kazi ya leo tu.