Mshikamano wa wafanyakazi duniani: yanayosemwa Dar na ukweli wake

Kila shirikisho la wafanyakazi la nje linapolaani kukamatwa kwa waandamanaji au viongozi wa vyama vya wafanyakazi, Dar es Salaam husikika maneno yaleyale, kwenye daladala, kwenye vijiwe vya kahawa, hata ndani ya ofisi za vyama vyenyewe. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025, jiji lilipowekewa amri ya kutotoka nje na intaneti ikazimwa, si haki kuyaacha yapite bila kujibiwa. Wanaoumia kwa maneno hayo ni wafanyakazi wenyewe wanaoyarudia.

"Hayo ni mambo ya wageni"

Dhana hii ndiyo iliyo mbali zaidi na historia ya jiji letu. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukaifuata reli ya kati hadi bara. Hakuna mgeni aliyewafundisha njaa. Chama walichokiunda kilivunjwa na serikali ya kikoloni baada ya mgomo mwingine, wa 1950. Mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Wafanyakazi Tanganyika, TFL, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu, na aliyekuja kutoka Kenya kutoa ushauri ni Tom Mboya. Sijamsikia mtu anayesema Kawawa alitumiwa na Wakenya.

Tukapata uhuru, na kuanzia 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ikaweka makao yake hapahapa Dar. Sisi ndio tuliokuwa tukiwaomba watu wa dunia nzima waisusie Afrika Kusini ya makaburu. Ombi hilo lilipokelewa na watu wa kawaida kabisa. Julai 1984, jijini Dublin, Mary Manning, muuzaji katika duka la Dunnes, alikataa kumhudumia mteja aliyenunua matunda ya Afrika Kusini, kwa kufuata agizo la chama chake. Alisimamishwa kazi, wenzake wakatoka naye, na wakakaa nje hadi 1987, serikali ya Ireland ilipopiga marufuku matunda na mboga kutoka huko. Dar tuliupokea msaada wa namna ile kwa mikono miwili. Leo mfanyakazi wa Dublin akimtetea mfanyakazi wa Temeke, kwa nini liitwe jina jingine?

"Tamko halimfungulii mtu mlango wa mahabusu"

Tamko peke yake, mara nyingi halifungui. Lakini mshikamano hauishii kwenye karatasi. Aprili 2008 meli ya Kichina, An Yue Jiang, ilifika Durban na shehena ya silaha za Zimbabwe, zikiwamo risasi zipatazo milioni 3, wakati serikali ya Harare ikiwapiga wapinzani baada ya uchaguzi. Serikali ya Afrika Kusini ilikuwa imeshatoa kibali cha kupitisha mzigo. Wanachama wa SATAWU, chama cha wafanyakazi wa uchukuzi cha Afrika Kusini, bandarini wakasema hawapakui. Viongozi wa dini na wanasheria wakaenda mahakamani, shirikisho la kimataifa la wafanyakazi wa uchukuzi, ITF, likaziarifu bandari nyingine, na meli ikaondoka Durban bila kushusha silaha hizo. Ndiyo maana naamini kwamba watu wa gatini wana uwezo mkubwa kuliko wanavyojidhania, na bandari yetu inayohudumia nchi kadhaa za jirani inapaswa kulijua hilo.

Kuna pia nyakati ambapo kelele za haraka ndizo zinazofaa. Septemba 9, 2024 rais wa shirikisho la wafanyakazi la Nigeria (Nigeria Labour Congress), Joe Ajaero, alikamatwa uwanja wa ndege wa Abuja akielekea kwenye mkutano wa wafanyakazi Uingereza. Vyama vya ndani na vya nje vikapaza sauti, naye akaachiwa siku hiyohiyo.

Pia kuna mahali ambapo hayo yote hayatoshi. Belarus ilianza kuwakamata viongozi wa vyama huru Aprili 2022. Juni 2023 Shirika la Kazi Duniani, ILO, liliichukulia hatua chini ya Kifungu cha 33 cha katiba yake, cha kuishinikiza nchi isiyotekeleza mapendekezo yake, ambacho hutumika kwa nadra sana, na bado vyama hivyo havikurudishiwa uhuru wake. Anayewaahidi wafanyakazi ushindi wa haraka anawadanganya.

"Kugoma ni kosa la jinai"

Si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 inatambua haki ya kugoma katika mgogoro wa maslahi, kama ule wa kudai nyongeza ya mshahara: usuluhishi ukishindikana, kura ipigwe, mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Aliyeshiriki mgomo halali hafukuzwi kazi kwa sababu hiyo. Wengi hawajui kwamba sheria hiyohiyo inaruhusu mgomo wa kuwaunga mkono wafanyakazi wengine waliogoma, na tena hatua ya kupinga, yaani kusimamisha kazi kutetea maslahi ya kiuchumi na kijamii ya wafanyakazi. Kwa hatua ya kupinga masharti ni magumu: iitishwe na chama au shirikisho lililosajiliwa, LESCO, baraza la kitaifa la kazi, uchumi na jamii, lipewe taarifa yenye sababu, siku 30 zipite, kisha itolewe taarifa nyingine ya siku 14.

Wa huduma muhimu, kama afya, maji na umeme, wamebanwa zaidi. Mwaka 2012 kiongozi wa madaktari waliogoma, Dk. Steven Ulimboka, alitekwa na kukutwa Mabwepande amejeruhiwa vibaya. Hakuna kifungu cha sheria yoyote kinachohalalisha jambo lile.

"Chama kinachopokea fedha za nje kimenunuliwa"

Sheria hiyohiyo ya 2004 inaruhusu chama kujiunga na mashirika ya kimataifa ya wafanyakazi na kupokea msaada wao. Wanachama wadai hesabu, basi.

"Chama kishughulike na mshahara, maandamano ni siasa"

Tulishalijaribu hilo. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 viongozi wa vyama walikamatwa, na mwezi uliofuata TFL ikavunjwa. Mahali pake ikawekwa NUTA, chama kimoja tu, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais na alikuwa pia Waziri wa Kazi. Mfanyakazi angeenda kumdai nani nyongeza? Vyama huru vilirudi kikamilifu kwa sheria ya 1998 iliyoanza kutumika 2000, mwaka ambao Tanzania iliridhia Mkataba Na. 87 wa ILO wa uhuru wa kujumuika. Ziba mdomo wa mwandamanaji, na meza ya majadiliano ya mshahara hubaki na mtu mmoja anayezungumza.

"Malalamiko ya nje ni ya wakubwa"

Kamati ya Uhuru wa Kujumuika ya ILO ipo tangu 1951, na hupokea lalamiko hata dhidi ya nchi ambayo haijaridhia mikataba husika. Mtu binafsi hawezi kulipeleka. Chama au shirikisho linaweza. Kwa hiyo kazi inaanzia tawini: kuandika tarehe, mahali, nani alikamatwa, alipelekwa kituo gani, mwajiri alisema nini, na kuhifadhi barua zote. Karatasi hizo zikifika kwa shirikisho zikiwa kamili, ndizo zinazosomwa Geneva, makao makuu ya ILO.