Kwa nini rupia feki ya Mjerumani huumbuliwa na kikombe cha maji?

Kijana mmoja wa Temeke alinijia Jumapili na sarafu kaiviringisha kwenye kitambaa. "Shikamoo mzee. Nimeambiwa unazijua rupia za Mjerumani." Alikuwa na sarafu ya rupia mbili ya 1893, ya madini ya fedha, kainunua Kariakoo kwa muuza vitu vya kale, na katoa laki mbili. Upande mmoja Kaisari Wilhelm wa Pili na kofia yake ya kijeshi yenye tai juu, upande wa pili simba na mti mfano wa mnazi. Ilipendeza kwa kweli. Tukaiweka kwenye mizani ya sonara: gramu 23.3. Rupia mbili halali ina gramu 23.32, basi kijana akaanza kutabasamu.

Nikamwambia angoje nichote maji.

Ugumu wa mizani peke yake ni huu: mghushi naye anayo. Anajua rupia moja ina gramu 11.66, na kwamba iliyozunguka mikononi mwa watu miaka mingi inaweza kupungua ikafika 11.4 bila kosa lolote. Kwa hiyo uzito kamili hauthibitishi kitu, na uzito pungufu nao hauihukumu sarafu. Lakini kuna jambo ambalo kuchakaa hakuligusi kabisa, nalo ni uwiano wa uzito na ujazo. Rupia ikilika, hupungua uzito na ujazo pamoja. Fedha iliyobaki ni ileile.

Na kila madini yana uwiano wake. Sentimita moja ya ujazo ya fedha tupu ni gramu 10.5 hivi. Shaba ni kama 9, bati 7.3, risasi 11.3. Rupia za Mjerumani zilikuwa na sehemu 917 za fedha katika kila 1,000, na zilizobaki ni shaba, kwa hiyo hesabu yake huangukia karibu na 10.3. Mghushi anayetumia shaba na nikeli ana njia mbili tu: aifanye sarafu kwa vipimo halisi itoke nyepesi, au aifikishe uzito wake itoke nene.

Kupima ni kazi ya dakika tano. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kisha irudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba wa kushonea, izamishe yote, isiguse chini wala ukingoni. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa, na gramu moja ya maji ni sawa na sentimita moja ya ujazo. Gawa uzito wa sarafu kwa namba hiyo.

Rupia mbili halali husukuma gramu 2.25 hivi za maji. Ya kijana ilisukuma 2.62. Gawanya 23.3 kwa 2.62, unapata 8.9. Tuliposimamisha sarafu yake kwa ubavu kando ya rupia yangu moja, unene ulionekana hata bila miwani.

Maji nayo hayatoshi peke yake, na hapa wengi hujidanganya. Risasi ni nzito kuliko fedha, bati ni jepesi, na ukizichanganya kwa kipimo chake unaweza kuikaribia 10.3. Ndiyo maana natumia na sikio. Ilaze sarafu kwenye ncha ya kidole na uigonge taratibu kwa sarafu nyingine: fedha hulia kengele nyembamba inayokaa, risasi hujibu "do" kisha kimya. Halafu tazama ukingo kwa lenzi. Sarafu halali ilipigwa kwa mhuri, herufi zake zina kona kali. Iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na vishimo vidogo, herufi laini kama sabuni iliyotumika, na mara nyingine mstari wa kuungia pembeni. Ukikuta sarafu mbili zenye mkwaruzo uleule mahali palepale, ujue zina mama mmoja. Na mwaka nao usomwe: sarafu za rupia mbili zilitoka 1893 na 1894 tu. Ukiona ya 1901, huhitaji hata maji.

Kijana aliniuliza ni madini gani basi. Nikamjibu ninachoweza kukijibu: "Mwanangu, si fedha. Inafanana na shaba iliyochanganywa, zaidi ya hapo siapi." Kumfurahisha kungekuwa rahisi, ila kesho angemuuzia mwenzake kwa moyo safi.

Ukweli una sura nyingine ngumu zaidi, ya riale ya Maria Theresa. Malkia huyo wa Austria alifariki 1780, na riale zake zikaendelea kupigwa Vienna kwa mwaka uleule wa 1780, hata miji mingine ikazipiga, kwa sababu wafanyabiashara wa pwani zetu, Uarabuni na Uhabeshi hawakuitaka nyingine. Bibi akikuletea ya kwake, gramu 28 na ushee, fedha sehemu 833 katika 1,000, utamwambia ni fedha ya kweli. Umri wake, hapana. Huenda ilipigwa hata baada ya yeye kuzaliwa. Yote mawili lazima ayasikie, na asikie pia kwamba asiisugue kwa majivu wala dawa ya meno, kwa maana mkusanyaji hulipia ule weusi wa miaka.

Sinunui sarafu niliyoombwa kuitolea maoni, siku ile wala baadaye. Atakayekupimia na papo hapo akataja bei ya kununua, chukua sarafu yako ukapime kwingine.

Kijana hakuondoka. Aliomba uzi, akaifunga mwenyewe, akaizamisha tena. Ikasoma 2.61. Akaandika namba kwenye kipande cha karatasi, juu yake akaandika BANDIA, akaviringisha vyote kwenye kitambaa kilekile.