Kunguni wa Halyomorpha: msikague matunda tu, kagueni na gari

Jamani, tangu kampeni ya kumsaka kunguni wa Halyomorpha ianze tunatumiwa picha za kila mdudu, mpaka mende. Halyomorpha ni jenasi, yaani kundi la spishi za jamaa moja, ya wale kunguni wa mimea wenye mgongo kama ngao, na anayetusumbua ni mmoja, Halyomorpha halys. Hanyonyi damu, hakai kitandani, hilo tumeshalisema mara ngapi sijui.

Asili yake China, Japani, Korea na Taiwan. Marekani alionekana Allentown, Pennsylvania, miaka ya 1990, watu wakamchanganya na kunguni wa hapohapo mpaka 2001 ndo akatambuliwa, na mwaka 2010 wakulima wa tufaha wa majimbo ya mashariki wakapata hasara ya dola milioni 37. Tufaha alilofyonza ukiliangalia nje utaona kishimo tu, limenye sasa, ndani nyama imekauka kahawia kama kizibo cha chupa.

Na hakusafiri ndani ya tufaha! Baridi ikikaribia kunguni waliokomaa wanajibanza kwenye kuta, makreti ya mbao, mpira wa mlango wa gari, wanalala humo miezi bila kula, meli inaondoka nao.

Ndo maana Australia na New Zealand wana msimu wao wa kumzuia, Septemba 1 hadi Aprili 30. Magari na mashine zinazotoka nchi zenye mdudu huyu lazima zipigwe joto la nyuzi 56 kwa dakika 30, na kipimo kinawekwa pale penye ubaridi kuliko pote kwenye mzigo, sio pale panapokufurahisha wewe, au zifukizwe kwa gesi za kuua wadudu, methaili bromaidi au salfuraili floraidi, na anayefanya awe ametambuliwa na mamlaka zao, akupe cheti. Kwa Australia, mzigo wa kontena unaweza kutibiwa ukifika, ila ule usio na kontena ukifika bila kutibiwa unarudishwa ulikotoka, gharama juu yako. Kuna anayeuliza si nipulizie dawa ya mbu ya kopo? Hapana.

Ukimwona: urefu kama sm 1.5, kahawia yenye madoadoa, antena zina pete nyeupe, ukingo wa tumbo una mabaka meusi na meupe kwa zamu. Mfunike na chupa, piga picha, tuma. Usimponde, atakunukia na sisi tutaletewa rojo tusiloweza kulitambua.