“Tuandike jina la shemeji”: wastaafu wa kigeni na viwanja vya Kigoma

Mstaafu asiye raia amenunua kiwanja Kigoma ajenge nyumba ya uzeeni. Ukimwambia hakiwezi kuwa chake, hujibu: “Lakini mkataba una muhuri wa mwenyekiti wa mtaa na mashahidi sita!” Hata wangekuwa sitini. Muhuri ule unaonyesha tu kwamba mliandikishana mbele yake. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, kifungu cha 20, haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na nyumba ya kulelea uzee si uwekezaji. Na mgeni si Mzungu peke yake: mstaafu wa Kalemie au Bujumbura naye yumo.

Hapo ndipo huja ule ujanja wa kuandikisha kiwanja kwa jina la shemeji aliye raia. Hati ikitoka kwa jina la shemeji, kiwanja ni cha shemeji. Anaweza kukiweka rehani benki bila kukuaga. Akifa, kinaingia kwenye mirathi yake. Ile karatasi ya pembeni, “mwenye mali halisi ni fulani”, ndiyo mbaya kuliko zote: ukiipeleka mahakamani, umebeba mwenyewe ushahidi kwamba mlikuwa mnakwepa sheria.

Panga nyumba, basi. Kabla ya kutoa hata shilingi, fanya upekuzi ofisi ya ardhi, yaani uhakiki mmiliki ni nani, kwa namba ya kiwanja na kitalu. Jina lilingane na kitambulisho cha taifa (NIDA) cha anayekupangisha, na mwenzi wake asaini pia. Mkataba uwe wa maandishi, ulipiwe ushuru wa stempu, na kama ni wa miaka mingi usajiliwe kwa Msajili wa Hati. Ukiongeza kisima au uzio, andikeni mapema nani atafidia nini ukihama. Watu huruka mstari huo, halafu hugombana juu ya tangi la maji.

“Kiwanja kizuri ni kile kinachogusa ziwa.” Sheria ya Mazingira ya 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Asiyeiamini sheria akawaulize wa Kibirizi, pale ufukweni Kigoma, maji yalifika wapi Tanganyika lilipopanda mwanzoni mwa miaka ya 2020.

“Maji maangavu hayana kichocho.” Yanacho. Mengine muulize daktari.

“Nimeoa Mtanzania, kibali cha nini?” Ndoa peke yake haikupi uraia wala ardhi. Visa ya matembezi ina kikomo cha siku 90. Mstaafu huomba kibali cha ukaazi daraja C, nacho si kibali cha kazi, hata ya kukaa kaunta kwenye duka la mkeo.